Ramani Namba Tatu

Niliichora mwezi wa masika, ofisini Wete,
bati likinguruma juu ya kichwa,
nami simjui atakayelala ndani.
Vyumba viwili, choo, kibaraza cha futi nne,
paa limeinamia upande mmoja
ili maji ya mvua yasipotee, yaingie pipani.
Wakubwa wakaipitia, wakaigonga muhuri mapema,
kabla ya kiwanja, kabla ya tofali la kwanza,
ikawekwa jaladani pamoja na nyingine nne
zikisubiri watu.

Zamani (nasema zamani, ni juzi tu)
mtu akitaka chumba kimoja uani kwake
alitembea hadi soli ikamwambia basi.
Mchoraji huku, mpimaji kule,
bwana afya kaenda Chake, rudi Jumatatu.
Jumatatu bwana afya yupo, mchoraji kafiwa.
Basi watu wakajenga usiku,
kuku anajua, jirani anajua,
serikali peke yake ndiyo iliyolala.
Na ukuta wa usiku husahau dirisha.
Nimeingia vyumba hivyo mchana nikawasha kibiriti,
watoto wanakohoa
kama bawaba zisizotiwa mafuta.

Kisha akaja Bi Mwanakombo wa Limbani.
Hana futikamba. Ua wake kaupima kwa kanga:
"Upana kanga nne, urefu sita na shubiri,
hadi kwenye mfenesi.
Mfenesi haukatwi, mwanangu, usiniulize."
Nikapiga hesabu. Namba tatu inaingia,
inabaki njia ya mtu na ndoo yake.

"Unamjengea nani? Kijana anaoa?"
Akacheka, akajiziba mdomo kwa ushungi.
"Najijengea mimi.
Nyumba kubwa nampa Raya na wanawe watano.
Karudi na masanduku yake,
nimemuuliza mara moja, sitaki kumuuliza ya pili.
Wao walale mbele, wapige kelele,
mimi nihamie uani
niwasikie kwa mbali kidogo,
kama redio ya jirani."

Akaishika karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena,
kama mtu anayetafuta upande wa mshono.
"Choo chako kinaelekea kibla."
Nikatazama. Kweli.
Mshale wa kaskazini niliupiga kwa rula,
na kwetu kaskazini ndiko kibla, najua tangu chuoni,
lakini nilichora nyumba isiyo na kiwanja,
na nyumba isiyo na kiwanja haisali.
"Izungushe tu. Mlango utazame mfenesi."
Nikaizungusha. Muhuri ukakaa kichwa chini, miguu juu,
na bado ulikuwa muhuri.

Akafungua fundo la kanga, akatoa ada,
noti zimekunjwa hadi zimekuwa vijiti.
Ilikuwa Jumanne. Akaondoka na kibali
Jumanne ile ile,
akasimama mlangoni, akarudi kuuliza
kama hakuna kitu alichosahau kusumbuliwa nacho.

Miezi saba baadaye nikaenda kukagua.
Madirisha mawili, sawa. Paa, sawa.
Pipa limejaa, kata inaelea juu yake.
Nikapima kibaraza: futi sita.
"Mimi nilichora nne, bibi."
"Wewe ulichora miguu ya mtu mmoja," akasema.
"Hapa wanakaa wajukuu watano, na Raya akimaliza kuosha vyombo."
Kwenye fomu kuna mstari: *Tofauti na ramani.*
Nikatoa kalamu. Akaniletea fenesi.

Unajua ulimbo wa fenesi.
Kalamu ikaganda kidoleni, fomu ikaganda kiganjani,
mtoto mmoja akanicheka, mwingine akaenda kuleta mafuta,
na ule mstari nikauacha mweupe.

Leo nimekaa mezani na kalamu ya risasi.
Namba tatu, chapa ya pili: kibaraza futi sita,
na maandishi madogo pembeni,
*zungusha hadi choo kipishane na kibla.*
Nimeipeleka juu igongwe muhuri.
Nimeambiwa nirudi Jumatatu.